Kuingia si Kufaa: Namna ya Kuchagua Chaja ya Kompyuta ya Mkononi

Lumino ni mji mdogo wa Wilaya ya Busia, mashariki ya Uganda, uliopo kwenye barabara itokayo Musita kuelekea Busia mpakani na Majanji kwenye ufuko wa Ziwa Viktoria. Wilaya hiyo ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Tororo hadi mwaka 1997. Wenyeji wake, hasa Wasamia, wana ndugu zao ng'ambo ya mpaka katika Kenya, na tangu zamani wamezoea kuvuka kwa ajili ya arusi, matanga na soko. Siku hizi wako pia wanaovuka kwenda kutafuta vifaa vya kompyuta.

Kimojawapo cha vifaa hivyo ni chaja ya kompyuta ya mkononi, ile ambayo wengine huiita kompyuta mpakato na vijana huiita laptopu. Chaja yenyewe ni kisanduku cheusi kisicho na sura ya kuvutia, wala hakuna anayekikumbuka mpaka siku kinapokufa. Siku hiyo ndipo watu wa nyumba hutambua kwamba mashine waliyoinunua kwa kujinyima miezi mingi haina faida kuliko ubao wa kukatia mboga.

Hasara yake si ndogo. Katika shule za sekondari za Uganda, mtaala mpya wa madarasa ya chini ulioanza mwaka 2020 unawataka walimu waweke kumbukumbu za kazi za wanafunzi muda wote wa masomo. Kumbukumbu hizo huchangia asilimia 20 ya alama za mtihani wa mwaka wa nne, uliofanywa kwa mtaala huo kwa mara ya kwanza mwaka 2024. Mwalimu aliyehifadhi alama hizo katika kompyuta moja tu, na chaja yake ikafa wiki ya kufunga hesabu, ana mashaka makubwa. Hali kadhalika katibu wa chama cha akiba na mikopo, mwanafunzi wa chuo, na mama mwenye duka anayeandika hesabu zake humo.

Hapo ndipo pupa huingia. Mtu hushika njia hadi Busia, hutazama tundu la kompyuta, kisha hutazama ncha ya chaja mpya. "Ikiingia, imefaa," husema muuzaji, naye mnunuzi hulipa akaondoka. Lakini kuingia si kufaa. Chaja yaweza kuingia barabara katika tundu na bado ikaunguza kompyuta, au isiijaze betri hata kidogo, au ikapata moto usiku watu wamelala. Wazee walisema kila mlango na ufunguo wake, na yapo mambo machache ambayo mtu yeyote, hata asiyejua ufundi wa umeme, aweza kuyatazama kabla ya kutoa fedha zake.

KWA NINI CHAJA HUFA

Kazi ya chaja ni kupokea umeme mkali wa nyumba, ambao katika Uganda na Kenya ni wa volti 240, na kuushusha uwe umeme mpole wa volti 19 au 20 hivi unaoweza kuingia katika kompyuta bila kuidhuru. Hugeuza pia tabia ya umeme huo. Umeme wa nyumba hubadili mwelekeo wake huku na huko, mizunguko 50 kila sekunde; umeme utokao katika chaja huenda upande mmoja tu. Kwa hiyo chaja ndiyo mlinzi asimamaye mlangoni, na kama ilivyo ada ya walinzi, yeye ndiye hupigwa kwanza.

Katika sehemu hizi mapigo ni mengi. Tororo inajulikana duniani kwa ngurumo zake: kati ya mwaka 1967 na 1976 palihesabiwa huko wastani wa siku 251 zenye ngurumo kwa kila mwaka. Radi haina haja ya kuipiga nyumba yenyewe ili kuleta madhara. Ikipiga karibu na nyaya za umeme, msukumo wa ghafla husafiri katika nyaya hizo hadi kwenye soketi ya ukutani, na kila kilichochomekwa hapo huonja. Umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo nao huweza kufanya vivyo hivyo, kidogo kidogo.

Adui wa pili yumo nyumbani. Waya huzungushwa kwa nguvu kwenye kisanduku, hukanyagwa na watoto, huvutwa badala ya kushikwa penye kichwa chake. Mwishowe nyuzi za shaba zilizomo ndani hukatika pale pale waya unapotoka kwenye kisanduku au karibu na ncha.

HAKIKISHA KWANZA KAMA IMEKUFA

Si kila chaja iliyonyamaza imekufa. Kabla ya kufunga safari, yafaa kufanya uchunguzi mfupi.

Kwanza, ichomekwe taa au simu kwenye soketi ile ile ili kujua kama umeme upo. Pili, itazamwe plagi. Plagi ya pini tatu bapa, tuliyorithi kutoka kwa Waingereza, ina fyuzi ndani yake, na fyuzi ikiungua chaja hunyamaza ingawa haina ugonjwa. Kwa chaja ya kompyuta ya mkononi, fyuzi ya ampea 3 yatosha. Ile ya ampea 13 ni kubwa mno kwa waya mwembamba, kwani waya waweza kuungua kabla ya fyuzi kukatika.

Tatu, uangaliwe waya utokao ukutani hadi kwenye kisanduku. Katika chaja nyingi waya huu huchomoka, nao huuzwa peke yake kwa bei ndogo. Jirani mwenye waya wa namna hiyo hiyo aweza kuuazima kwa dakika mbili. Kompyuta ikiwaka, shida imekwisha, na hakuna haja ya chaja mpya.

Nne, litazamwe tundu la kompyuta yenyewe. Kama ncha inacheza ndani yake, na umeme huja na kupotea kadiri waya unavyosogezwa, huenda aliyelegea ni tundu wala si chaja. Chaja mpya haitaponya tundu bovu. Fundi mwenye mita ya kupimia umeme aweza kusema kwa muda mfupi ni lipi kati ya hayo mawili.

LEBO NI BARUA YA MTENGENEZAJI

Chaja ikithibitika kuwa imekufa, isitupwe. Mgongoni mwake ipo lebo yenye maandishi madogo, na lebo hiyo ndiyo barua ya mtengenezaji kwa mnunuzi. Maneno mawili ya Kiingereza yatafutwe hapo. Neno INPUT linaeleza umeme unaoingia kutoka ukutani. Neno OUTPUT linaeleza umeme unaotoka kwenda katika kompyuta. Aghalabu kwenye INPUT pameandikwa volti 100 hadi 240. Maana yake ni kwamba chaja hiyo yaweza kutumika Lumino, Nairobi, Dar es Salaam au Chicago bila kubadilishwa.

Maneno yanayotakiwa zaidi ni yale ya OUTPUT. Hapo patakuwa na hesabu mbili: moja yenye herufi V, yaani volti, na nyingine yenye herufi A, yaani ampea. Kwa mfano, 19.5V na 3.34A. Hesabu hizo ziandikwe katika karatasi au lebo yote ipigwe picha kwa simu. Kama lebo imefutika, aghalabu hesabu hizo hizo hupatikana chini ya tumbo la kompyuta yenyewe.

VOLTI ZIWE SAWA

Kanuni ya kwanza ni kwamba volti za chaja mpya ziwe sawa na za ile ya zamani. Volti ni kama kimo cha tangi la maji: kadiri tangi linavyoinuliwa ndivyo maji yanavyoshuka kwa nguvu. Tangi likiwa juu kupita kiasi, bomba hupasuka. Likiwa chini mno, maji hayafiki.

Tofauti ya nusu volti, kama ile iliyopo kati ya 19 na 19.5, kwa kawaida huvumiliwa na kompyuta. Lakini mtu asijizoeze kuvuka hapo. Kuna chaja za volti 12 za ving'amuzi vya televisheni na vifaa vya intaneti ambazo ncha zake zafanana kabisa na za baadhi ya kompyuta. Chaja hiyo ikitiwa katika kompyuta ya volti 19, haitaijaza. Na kinyume chake ni kibaya zaidi: chaja ya kompyuta ya volti 19 ikitiwa katika king'amuzi cha volti 12, yaweza kukiua papo hapo. Nyumba yenye chaja nyingi nyeusi zinazofanana ingefanya vyema kubandika karatasi kwenye kila moja, ikiandikwa jina la chombo chake.

AMPEA ZISIPUNGUE

Kanuni ya pili huwatatiza wengi. Ampea za chaja mpya zaweza kuwa sawa na za zamani au kuzidi, lakini zisipungue. Watu huogopa kwamba ampea nyingi zitaisukumia kompyuta umeme kupita kiasi. Sivyo. Volti husukuma, lakini ampea huchotwa. Mtungi mkubwa haumlazimishi mwenye kiu anywe wote. Huchota kata moja akaridhika. Kompyuta inayohitaji ampea 3.34 itachota hizo tu, hata kama chaja ina uwezo wa kutoa ampea 4.62.

Mtungi mdogo ndio wenye hatari. Chaja yenye uwezo mdogo hulazimishwa kufanya kazi kupita kiasi chake, hupata moto, na mwishowe hufa au huyeyuka. Mara nyingine betri hujaa taratibu mno, au hupungua huku imechomekwa.

Ukizidisha volti kwa ampea, unapata wati. Chaja ya volti 19.5 na ampea 3.34 ni ya wati 65. Ile ya volti 19.5 na ampea 4.62 ni ya wati 90. Ile ya volti 20 na ampea 2.25 ni ya wati 45. Wauzaji wengi hutaja wati peke yake. Jibu lao ni la kweli, ila halitoshi, maana chaja mbili za wati 65 zaweza kuwa na volti tofauti. Mnunuzi aulize volti kwanza, kisha wati.

NCHA NA UPANDE WA CHANYA

Baada ya hesabu ndipo zamu ya ncha hufika. Ncha nyingi ni za mviringo, zenye upana wa nje na upana wa ndani unaopimwa kwa milimita. Ncha ya milimita 5.5 kwa 2.5 na ile ya 5.5 kwa 2.1 hazitofautiki kwa macho. Ncha isiyolingana sawasawa yaweza kuingia kwa kulegea, na mahali palipolegea umeme huruka cheche na kutia moto. Ncha haipaswi kulazimishwa, wala haipaswi kucheza.

Kwenye lebo kuna mchoro mdogo wa duara lenye alama ya kujumlisha upande mmoja na alama ya kutoa upande wa pili. Mchoro huo waonyesha kama chanya ipo katikati ya ncha au nje yake. Katika kompyuta nyingi chanya huwa katikati, lakini mchoro wa chaja mpya lazima ufanane na wa ile ya zamani. Ukigeuzwa, umeme huingia kinyumenyume, na kompyuta isiyo na kinga huharibika mara moja.

CHAJA INAYOULIZWA JINA LAKE

Lipo jambo jingine ambalo huwashangaza hata mafundi. Baadhi ya kompyuta huiuliza chaja jina lake kabla ya kuipokea. Chaja nyingi za Dell zina ncha ya mviringo ya milimita 7.4 yenye sindano nyembamba katikati. Sindano hiyo haileti umeme wa kujaza betri. Hupeleka habari kutoka katika chaja, kuiambia kompyuta ni chaja ya namna gani na ina wati ngapi. Kompyuta isipopata jibu, huandika onyo kwenye kioo kwamba chaja haitambuliki, hukataa kujaza betri, na hufanya kazi polepole.

Chaja nyingi za zamani za HP nazo zina ncha ya milimita 7.4 yenye sindano katikati. Ncha hizo huingia katika tundu la Dell bila taabu. Lakini namna ya HP ya kujieleza si ile ya Dell, kwa hiyo kompyuta huiona chaja kama mgeni. Huu ndio mfano ulio dhahiri zaidi wa kuingia kusikokuwa kufaa. HP yenyewe baadaye ilihamia kwenye ncha ndogo ya milimita 4.5 yenye rangi ya buluu ndani, na Lenovo ikatumia ncha ya mstatili ya volti 20. Kwa hiyo hata jina la kampuni pekee halitoshi: chaja ya HP ya zamani haiingii katika HP mpya bila kipande cha kuunganishia.

Kuhusu chaja zenye ncha nyingi za kubadilisha, zinazouzwa kwa sifa ya kufaa kompyuta zote, tahadhari inatakiwa. Baadhi yao zina kitufe cha kuchagua volti. Kitufe hicho kikisogezwa na mtoto kutoka 19 hadi 24, kompyuta ndiyo italipa. Tena nyingi hazina jibu la kuipa Dell inapouliza jina.

CHAJA ZA USB-C

Kompyuta nyingi mpya zimeacha ncha za mviringo na kutumia tundu dogo la USB-C, lenye umbo la yai lililobanwa, kama lile la simu za siku hizi. Ncha hiyo ilitangazwa mwaka 2014, na faida yake ni kwamba chaja na kompyuta huzungumza na kupatana kabla ya umeme mwingi kupita. Chaja huanza na volti 5. Kompyuta ikiomba zaidi, chaja hupanda hadi 9, 15 au 20. Kwa sababu hiyo hatari ya volti kuzidi ni ndogo, mradi chaja ni ya kweli.

Hata hivyo, hapa napo kuingia si kufaa. Chaja ya simu ya wati 20 huingia katika kompyuta inayotaka wati 65, lakini betri haitajaa, au itajaa kwa siku nzima. Lebo ya chaja itazamwe kama imetaja volti 20, na ampea ngapi kwa volti hizo: volti 20 kwa ampea 3.25 ni wati 65. Waya nao una kiwango chake. Waya wa kawaida hubeba ampea 3, yaani wati 60 kwa volti 20. Zaidi ya hapo huhitajika waya wa ampea 5 uliotengenezwa kwa kazi hiyo. Tena si kila tundu la USB-C katika kompyuta hupokea umeme. Mengine ni ya kupitisha habari tu. Kijitabu cha kompyuta hueleza, na mara nyingi alama ndogo ya radi au ya plagi huchorwa kando ya tundu linalojaza betri.

Nchi za Umoja wa Ulaya zilipitisha sheria mwaka 2022 ya kuzitaka kampuni zitumie tundu hilo moja. Kwa simu, tarehe iliyowekwa ilikuwa 28 Desemba 2024, na kwa kompyuta za mkononi ni 28 Aprili 2026. Kompyuta zinazotengenezwa kwa soko hilo hufika Afrika Mashariki pia, kwa hiyo mwenye kununua kompyuta sasa angefanya vyema kuchagua yenye tundu hilo. Akiba yake itaonekana siku chaja itakapokufa.

PLAGI YA KIGENI

Kompyuta nyingi zilizotumika huletwa kutoka Marekani zikiwa na plagi ya pini mbili au tatu za Kimarekani. Kwa kuwa tundu letu halifunguki bila pini ya juu, wako watu wanaotia kijiti au kalamu katika tundu hilo ili kulifungua, kisha hushindilia plagi isiyo yake. Tendo hilo ni la hatari kwa mtendaji na kwa watoto wanaomtazama na kumwiga. Dawa ni rahisi: chaja ibaki, ubadilishwe waya wa ukutani tu, uwekwe wenye plagi ya pini tatu bapa. Waya wa Kimarekani mara nyingi umeandikwa 125V, nao haukukusudiwa kwa umeme wetu wa 240. Mpya uwe umeandikwa 250V.

Plagi ya Uganda na ya Kenya ni moja, na nguvu ya umeme ni moja. Chaja iliyonunuliwa Busia ya Kenya itatumika Lumino bila kifaa cha kuunganishia, wala muuzaji asimwongezee mtu kifaa hicho bure.

Kwa nyumba zinazotumia umeme wa jua, ikumbukwe kwamba betri ya volti 12 haiwezi kuunganishwa moja kwa moja na kompyuta ya volti 19. Kuna chaja za gari zinazopandisha volti 12 hadi 19 au 20, nazo hupoteza umeme kidogo kuliko kupitia kwenye inveta na kurudi tena kwenye chaja. Kanuni za volti, ampea na ncha ni zile zile.

ZA BANDIA, NA ZA KWELI ZENYE KASORO

Chaja ya bandia haiibi fedha tu. Ndani ya chaja njema, upande wa volti 240 na upande wa volti 19 hutenganishwa kwa nafasi na kinga ya kutosha. Katika ya bandia nafasi hiyo hupunjwa, na umeme mkali waweza kuvuka hadi kwenye kompyuta na kwenye vidole vya anayeishika. Mwaka 2016 shirika la upimaji la UL la Marekani lilipima chaja 400 za bandia za simu za Apple. Zilizofaulu zilikuwa 3 tu. 397 zilishindwa, na 12 kati yake zilikuwa mbovu kiasi cha kuweza kumuua mtu kwa umeme.

Dalili za bandia ni maandishi yenye makosa, lebo inayokwanguka kwa ukucha, kukosekana kwa jina la mtengenezaji, ampea zilizoandikwa kubwa mno kwa kisanduku chepesi, na plagi isiyokaa sawa ukutani. Mnunuzi aulize pia kama bidhaa imepita kwenye ukaguzi wa shirika la viwango la nchi yake: UNBS katika Uganda, KEBS katika Kenya, TBS katika Tanzania. Chaja isiyo ya kampuni ya kompyuta si lazima iwe ya bandia. Ziko kampuni nyingine zinazotengeneza chaja njema kwa majina yao wenyewe. Ya kuogopwa ni ile inayojificha nyuma ya jina la mwingine.

Na jina kubwa pekee si kinga. Mwaka 2014 kampuni ya HP iliwataka wateja wa Marekani na Canada warudishe nyaya za ukutani zipatazo milioni 6, zenye alama LS-15, kwa kuwa zilikuwa zikipata moto. Machi 2024 kampuni ya Dynabook iliwaita wateja wa Marekani warudishe chaja za kompyuta za Toshiba zipatazo milioni 15.5, zilizouzwa kati ya mwaka 2008 na 2014, kwa sababu hiyo hiyo. Mwenye kompyuta ya zamani iliyotoka ng'ambo na auchunguze waya wake. Akiona alama LS-15 auweke kando.

SIKU YA KWENDA DUKANI

Anayetoka Lumino kwenda Busia au Tororo abebe vitu vitatu: kompyuta, chaja iliyokufa, na karatasi yenye hesabu za volti na ampea. Dukani asome mwenyewe lebo ya chaja mpya, alinganishe mchoro wa duara, kisha aombe kuijaribu. Kompyuta iwashwe, na alama ya betri ionyeshe kuwa inajaa, si kuwaka tu. Kama muda upo, aiache dakika 15, halafu aguse kisanduku. Uvuguvugu ni wa kawaida. Moto usiovumilika mkononi ni onyo.

Risiti idaiwe, na neno la dhamana liandikwe humo. Kwa aliyevuka mpaka jambo hili ni zito zaidi, kwa kuwa kurudisha bidhaa mbovu kwataka safari ya pili na nauli ya pili. Tofauti ya bei kati ya chaja njema na mbaya mara nyingi humezwa na nauli hiyo.

Kisha chaja mpya itunzwe. Isiwekwe juu ya godoro wala chini ya mto, maana inahitaji hewa. Waya ukunjwe kwa duara pana. Mawingu yakikusanyika juu ya ziwa na ngurumo ikasikika, chaja ichomolewe ukutani mapema, wala si wakati radi imekwisha kuwa juu ya paa. Katika nchi yenye ngurumo nyingi kama hii, tabia hiyo moja huenda ikaokoa chaja nyingi kuliko kifaa chochote cha kununuliwa. Na alama za wanafunzi au hesabu za chama zinakiliwe mahali pa pili, ili chaja ikifa isife nayo kazi ya muhula mzima.

Kuuliza si ujinga. Muuzaji mwema hatachukia akiulizwa volti ngapi, ampea ngapi, na chanya iko upande gani. Atakayechukia maswali hayo amekwisha kumjibu mnunuzi, na duka la pili haliko mbali.